Pini Tatu Katika Pindo

9 Januari

Mume wangu,

Jana kwenye simu uliniambia "nzuri" mara sita ndani ya dakika tatu. Nilizihesabu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Tulikubaliana wewe na mimi tangu siku zile nilipokuwa mfagiaji wa kiwanda nisiyejua kuandika hata jina langu, ukanifundisha kwa chaki ya kukatia nguo juu ya mabaki ya kaki: simu ni ya kujuliana hali, barua ni ya kuambiana ukweli. Basi hii ni barua.

Mtambo umewaka. Wiki ya pili sasa tunajaza chupa za dawa ya macho, elfu tisa kwa saa. Kule kiwanda cha zamani, kwa minyororo na mikanda, hatukuwahi kuvuka elfu tatu, na siku ya kubadilisha ukubwa wa chupa tulichafuka grisi saa sita nzima. Hapa nabadilisha kwa dakika kumi na moja na mikono yangu inabaki safi kama ya karani.

Najua utauliza, bila mnyororo kinachosukuma ni nini. Nikueleze kwa lugha ya cherehani. Chukua mota ya kawaida, ile ya mviringo, uione kama mkono wa shati ulioshonwa. Fumua mshono, fungua, laza mezani iwe bapa. Ndivyo walivyofanya. Koili zimelazwa kwenye reli kuzunguka ukumbi mzima, na sumaku zimefungwa chini ya vigari. Umeme ukipita, kile kilichokuwa kinazunguka sasa kinakwenda mbele. Vigari ni arobaini na nane, kila kimoja na chupa zake nne na mwendo wake: hiki kinakimbia, kile kinangoja, kingine kinajivuta taratibu dawa isimwagike, wala havigusani. Siku ya kwanza kuviona niligeuka pembeni nikuambie kitu, nikamkuta mhandisi.

Kidole changu kimevimba. Nilitoa kigari kimoja kukisafisha, spana ikaniruka mkononi kutoka umbali wa shubiri, ikanibana. Nguvu ya hizi sumaku si mchezo.

Sasa sikiliza. Nyumba za familia hapa ni nane, mafundi tuko kumi na mmoja, nami nimepata moja. Vyumba viwili, na kibaraza chenye mwanga mzuri wa asubuhi. Sharti ni kwamba mwenzi awe amefika ifikapo tarehe 30 Aprili. Asipofika, nyumba anapewa aliye nyuma yangu, nami nabaki kwenye chumba hiki cha vitanda vitatu na wale dada wawili wanaogombana kuhusu feni. Na kazi nimekutafutia. Kiwanda kinataka fundi wa kushona overoli za watu mia moja na arobaini. Chumba cha ushonaji kiko ndani ya uzio, hatua chache tu kutoka kwenye mtambo wangu. Nitakuwa nakuona kila nikitoka kunywa maji.

Humu nimekuwekea sumaku moja iliyomeguka pembe. Msimamizi ameniruhusu. Ile yako ya kupitisha kwenye mapindo kutafuta pini imechoka, haiokoti hata sindano. Hii nimeivisha kitambaa na kuitia kamba. Ivae shingoni.

Ni miezi kumi na moja tangu nitoke hapo, na kilomita mia sita na arobaini. Mwezi wa nane nilipokuja kwa siku nne, ulilala na shati. Nikilaza kichwa kifuani unajigeuza. Sikuuliza. Sasa nauliza.

Mkeo,
Mama Spana


21 Januari

Mama Spana wangu,

Barua imefika. Karani wa posta alinionyesha kifurushi mkasi wake ukiwa umeng'ang'ania kwa nje, akaniuliza nimetumiwa nini kutoka huko, jini? Nikamwambia ni zawadi ya mke. Akasema mke wa namna hiyo hata ukimkimbia atakuvuta. Watu wote kwenye foleni walicheka.

Umenieleza mota vizuri kuliko walimu wengi. Niliuchukua mkono wa shati la mteja nikaufumua makusudi, nikaulaza mezani, nikautazama. Nikaelewa. Kisha ikanibidi niushone tena.

Sumaku nzuri sana. Ninaivaa kama ulivyosema.

Pole kwa kidole. Jihadhari na vitu hivyo, tafadhali. Hiyo spana ilikuwa mbali kiasi gani hasa? Shubiri yako au yangu?

Kuhusu kuja, mke wangu, unajua huu ni msimu wa sare za shule. Nina magauni thelathini na mawili na kaptula sizihesabu. Siwezi kuwaacha watoto wa watu waende darasani na nguo za mwaka jana. Msimu ukipungua tutazungumza. Kuhusu lile shati, ilikuwa baridi tu.

Dada yangu anakusalimu. Siku hizi anapita hapa karibu kila siku.

Mumeo


6 Februari

Mume wangu,

Baridi gani? Usiku ule nilitupa shuka chini kwa joto, na wewe ulikuwa na kijasho kwenye paji la uso kama mtu aliyebeba gunia. Sikujibu kwa simu kwa sababu ningepiga kelele, na dada wa kitanda cha dirishani angepata la kusimulia.

Wifi yangu anapita kila siku kufanya nini? Miaka yote alikuwa haji mpaka umwite mara tatu.

Ngoja nikukumbushe hesabu moja, kwa kuwa wewe ukishika mkasi unasahau namba zote isipokuwa za viuno vya watu. Mwaka ule nilipochaguliwa kwenda kusomea mitambo, mama yako aliugua. Nilirudisha barua ya nafasi nikamwuguza miaka mitatu, Mungu amrehemu, na singefanya vingine. Lakini nafasi ilikwenda kwa mtu mwingine, na kuipata tena kulinichukua miaka tisa. Miaka tisa ya kulala chini ya mikanda nikibadilisha beringi huku vijana niliowafundisha wanapandishwa vyeo juu yangu. Sikukulaumu. Basi, nilikulaumu kidogo. Sasa nimefika mahali ambapo mtambo wa vigari arobaini na nane haupumui bila sahihi yangu, na mtu ninayetaka auone anashona kaptula.

Binti yetu yuko bwenini, kwa hiyo huna hata kisingizio cha mtoto.

Niambie tu kama unaona haya kumfuata mke. Nitaumia, lakini nitajua.

Msimamizi ametaka nguo za majaribio kabla ya kutoa kazi. Overoli kumi na mbili, vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Hakuna zipu. Hakuna kishikizo cha chuma. Vifungo vya plastiki, mifuko imezibwa, hakuna uzi unaoning'inia. Chuma chochote kikidondoka kwenye reli ni balaa, kwa sababu kati ya kigari na reli pana nafasi ya milimita moja tu. Nimewaambia kwamba katika miaka kumi na tisa sijawahi kuchomwa na pini ndani ya nguo uliyoshona. Wameniamini.

Mkeo


27 Februari

Mke wangu,

Mzigo nimempa kondakta wa basi la asubuhi, yule mrefu. Kumi na mbili, zimekunjwa mbili mbili. Kosi nimezilegeza kidogo kuliko ulivyoandika, kwa sababu mtu anayeinama siku nzima kosi ya kubana humkaba. Ile iliyowekwa alama ya uzi wa buluu ni yako. Vipimo vyako sikuhitaji kutumiwa.

Niliishona hiyo ya mwisho, peke yake, siku nzima. Fundi mwenye akili timamu haishoni overoli moja siku nzima.

Haya ya kumfuata mke? Kule kwa kinyozi wameshanipa jina, wananiita Bwana Mke. Mmoja alisema, "Mwenzetu akifika huko atapewa overoli na kazi ya kumshikia mkewe taa." Nikamwambia mke wangu anaendesha vigari arobaini na nane, wewe gari lako moja linasukumwa na majirani kila asubuhi. Kwa hiyo si haya. Tafadhali usifikiri ni haya.

Ni goti. Linanisumbua, na safari ni siku mbili. Wacha lipoe. Kama kazi hiyo wakimpa mtu mwingine, mpe mkono wa heri.

Nikipika bado napima cha watu wawili. Kinachobaki anakula dada yangu, anasema ninamnenepesha.

Mumeo


13 Machi

Pini tatu.

Sina salamu. Jumatano saa nne asubuhi, dada wa kufunga vifuniko aliinama kupangusa kigari namba ishirini na saba akiwa amevaa overoli uliyoshona. Pini ilichomoka kwenye pindo la mkono wake, ikaruka, ikaingia katika ile milimita moja niliyokuandikia. Kigari kikakwama, vya nyuma vikasimama kimoja kimoja, ukumbi wote ukanyamaza. Dakika arobaini na moja. Reli ina mkwaruzo wa sentimita kumi na nne. Tulipozikagua zile nguo nyingine kwa sumaku tukapata pini mbili zaidi, moja ikiwa kwenye yangu, yenye uzi wa buluu.

Nilisimama mbele ya meneja, msimamizi na mhandisi. Wakaniuliza fundi huyu unamfahamu kiasi gani. Nikasema ni mume wangu. Hakuna aliyecheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Uliniandikia kwamba unaivaa sumaku shingoni. Mtu mwenye sumaku ile shingoni hahitaji hata kutafuta, pini zingemfuata zenyewe. Kwa hiyo, ama hukuivaa, ama nguo hizi hukuzishona wewe.

Nimelifikiria hili siku nne. Umelala na shati. Wifi anashinda hapo. Msimu wa sare, kisha goti, kesho utaniambia jino. Kuna mwanamke anayekaa kwenye kiti cha cherehani yako sasa, na wewe unamkatia tu? Kama ndivyo, ana mkono mzuri, kosi zimekaa vizuri. Mwambie aangalie mapindo.

Zimebaki siku arobaini na nane kufika tarehe 30. Sitaki kisingizio kingine. Andika jambo lenyewe, hata likiwa la mistari miwili.

Mkeo bado, kwa mujibu wa cheti


20 Machi

Mke wangu,

Pini tatu ni zangu. Hakuna mwanamke. Kwenye kiti hicho hajakaa mtu mwingine.

Mwezi wa sita mwaka jana, siku ya Jumanne, nilikuwa natia zipu kwenye suruali ya mwalimu. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, na dada yangu, aliyekuja kuchukua gauni lake, ananimwagia maji. Ilikuwa mara ya tatu, zile mbili sikumwambia mtu. Hospitali walihesabu mapigo ya moyo, yakawa thelathini na manne kwa dakika. Wewe unapenda namba, basi hiyo ndiyo namba. Wakaniwekea kifaa chini ya ngozi, chini ya mfupa wa bega la kushoto, kidogo kama kiberiti, chenye betri na waya unaokwenda moyoni. Moyo ukisahau, chenyewe kinaukumbusha. Ulipokuja mwezi wa nane kidonda kilikuwa hakijakauka vizuri. Ndiyo shati. Ndiyo kujigeuza.

Walinipa kadi ya kutembea nayo. Imeandikwa nikae mbali na sumaku zenye nguvu. Nikaitia mfukoni, sikukuambia nisikutie hofu. Kisha ikaja barua yako ya Januari. Sumaku, sumaku, sumaku. Spana inaruka. Chumba cha kushonea ni hatua chache kutoka kwenye mtambo. Nikaona hapa pana mambo mawili tu: ama wewe uache mtambo, ama mimi nibaki. Ulikwisha kuacha mara moja kwa ajili ya mama yangu. Nilikuona ile miaka tisa, mke wangu. Nilikuwa nafua hizo nguo zenye grisi. Sikutaka nikutume chini ya mikanda mara ya pili.

Kile kifurushi, karani alikisukuma juu ya kaunta nami nikaruka nyuma kama aliyeona nyoka. Dada yangu ndiye aliyekichukua. Sumaku iko kwake, ndani ya kopo, nyuma ya nyumba. Na ile yangu ya zamani nilikwisha kuigawa. Miaka yote sikuwa natafuta pini kwa macho, nilikuwa napitisha sumaku kwenye pindo, mkono unajua wenyewe. Sasa natafuta kwa macho, na macho ya umri wangu kwenye kitambaa cheupe hayafai. Nilizipitia overoli zako mara mbili kila moja. Yako niliipitia mara tano.

Nilivunja makubaliano yetu ya barua. Nisamehe kwa hilo kwanza, mengine baadaye.

Mumeo


28 Machi

Mume wangu,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mbili kwa hasira, moja nikiwa nimekaa chooni kwa sababu ndipo penye mlango unaofungwa, na moja nikiwa na rula.

Nianze na kosa langu. Nilikutumia sumaku ya kigari nikakuambia uivae shingoni. Kamba niliipima mwenyewe ifike kifuani. Ungekuwa mume mtiifu ningekuua. Tangu nisome hilo sijashika chakula vizuri.

Sasa kosa lako. Ulipiga hesabu inayonihusu bila mimi, na ukaikosea. Nilikwenda kwa daktari wa kiwanda nikiwa na kitabu cha mtambo chini ya kwapa. Ukurasa wa kumi na mbili, tumeusoma pamoja. Mwenye kifaa kama chako asiikaribie reli wala kigari kwa chini ya sentimita thelathini. Daktari akasema yeye, kwa tahadhari, hamruhusu mtu kama huyo kuingia ukumbini kabisa. Vizuri. Nani alikutaka uingie ukumbini? Kazi yako ni chumba cha ushonaji.

Sikuridhika na kitabu. Nilifunga sindano kwenye uzi nikaining'iniza mbele ya kigari kilichotolewa. Kwa sentimita kumi iliruka. Kwa ishirini iliinama. Kwa arobaini ilining'inia wima kama haijui kuna kitu. Kisha nikaenda chumba cha ushonaji nikapima kwa futi: mita kumi na nane kutoka kwenye reli, na ukuta wa matofali katikati. Mlangoni mwa ukumbi nimepaka mstari wa rangi ya njano, mita tano kamili, na mlinzi nimemwambia mwanamume yeyote mwenye futi shingoni asiuvuke hata akilia.

Kilomita mia sita na arobaini, mume wangu. Umeniweka mbali kilomita mia sita na arobaini kwa ajili ya sentimita thelathini. Ningeweza kulaza kichwa upande wa kulia.

Pini, acha kuzitafuta. Zihesabu. Asubuhi toa hamsini kwenye kopo, jioni zirudi hamsini. Zikirudi arobaini na tisa, nguo hazitoki. Na kabla hazijaingia ukumbini, mimi mwenyewe nitazipitisha kwenye sumaku, huku kwangu. Meneja nimemweleza hayo yote. Amekubali jaribio la pili, kwa sharti ushonee hapa hapa akuone.

Lakini usiniamini mimi. Mimi nakutaka, kwa hiyo hesabu yangu ina upendeleo. Nenda kwa daktari wako na karatasi hii.

Mkeo


7 Aprili

Mke wangu,

Nimekwenda. Daktari ameisoma karatasi yako hadi mwisho, akauliza mkeo ni nani. Nikasema fundi. Akasema ameona. Anakubaliana na wewe kuhusu sentimita, na anakubaliana zaidi na yule wa kwenu kuhusu ukumbi. Kifaa kinapimwa tarehe 22. Kikiwa sawa nipo huru kusafiri, na baada ya hapo kitapimwa kila miezi sita, hata huko.

Kwa hiyo sumaku si neno tena. Limebaki jambo ambalo rula yako haiwezi kulipima, nami naona afadhali niliseme kwa wino.

Nakumbuka ulivyokuwa ukimgeuza mama yangu kitandani, saa nane mchana na saa mbili usiku, bila kukosa. Nilikuwa nakutazama nikasema moyoni, huyu amekwisha kuuguza sehemu yake ya maisha. Sasa nikija, nani anakuja? Fundi cherehani, au mgonjwa mwenye betri? Ukirudi kutoka zamu ukanitazama kwa jicho lile la kumtazama mama, la kuhesabu pumzi, mimi nitarudi kwa basi la kesho yake. Bora unitamani ukiwa mbali.

Nijibu hilo. Zimebaki siku ishirini na tatu, nami najua unazihesabu.

Mumeo


14 Aprili

Mume wangu,

Nikujibu.

Kuna jambo nilikuficha katika barua iliyopita. Siku ile nilipopokea barua yako, kitu cha kwanza nilichofanya hakikuwa kufungua kitabu cha mtambo. Nilichukua karatasi ya kiwanda nikaandika barua ya kuacha kazi. Mistari mitano, na tarehe, na sahihi. Nilikaa nayo usiku mzima chini ya mto. Asubuhi nikaona aibu kwamba mtu anayepima kila kitu alitaka kuacha kila kitu bila kupima. Nikaichana, ndipo nikaenda kutafuta rula. Kwa hiyo hukunikosea. Ulichoogopa ningekifanya, kweli ningekifanya.

Lakini usiniambie nikutamani ukiwa mbali. Nimekutamani miezi kumi na minne, najua kazi hiyo ilivyo. Unatamani asubuhi unapofunga vifungo vya overoli alivyovishona mtu usiyemwona. Unatamani mchana, mtambo unapokwenda vizuri na huna wa kumwonyesha. Unarudi chumbani unakuta wenzako wanagombania feni, unashukuru kwamba kuna kelele.

Jicho la kuhesabu pumzi silikani. Nahesabu kila kitu, nimezaliwa hivyo, hata "nzuri" zako nilizihesabu. Na wewe utanitazama vidole kila jioni kama vimebaki kumi. Tutakuwa tumetoshana.

Njoo kama fundi. Zimebaki overoli mia moja na ishirini na nane, na meneja ana tumbo ambalo fundi wa hapa ameshindwa kulivisha mara mbili. Mgonjwa akija naye, atakaa kwenye kibaraza angoje zamu yake.

Sitaandika tena kabla ya tarehe 30. Nikiandika nitaomba, na sitaki uje kwa kuombwa.

Mkeo


29 Aprili

Mke wangu,

Barua hii haikupita posta. Imeandikwa kwenye meza ya karani wa nyumba, hapa kwenu, kwa kalamu yake, naye ananitazama ninavyomaliza wino.

Kifaa kilipimwa, kiko sawa. Basi liliharibika njiani saa saba nzima, la sivyo ningefika jana. Cherehani imefika bila kuvunjika, ilikaa kiti cha dirishani na mimi nikakaa kwenye njia. Mlinzi aliiona futi shingoni mwangu akacheka peke yake, akanionyesha mstari wa njano bila kuulizwa. Nilisimama nyuma ya mstari huo kidogo. Pana kioo mlangoni.

Nimeviona. Uliniandikia vinakwenda, hukuniandikia kwamba havitoi sauti. Kimoja kilifika mbio, kikapunguza, kikasimama nyuma ya mwenzake kwa nafasi kama ya kidole, kikangoja mpaka mwenzake ajazwe. Nikakuona na wewe, umeinama, kosi imekaa vizuri. Hukuinua kichwa. Sikugonga kioo, kwa sababu nilitaka kukuona unavyofanya kazi mtu asipokutazama. Katika miaka kumi na tisa sikuwahi kukuona kazini. Nguo zako tu ndizo nilizoziona.

Karani amenipa fomu ya nyumba. Jina la mfanyakazi nimelijaza, kazi nimeijaza. Panapoulizwa idadi ya wakazi nimeandika wawili kwa maneno, akaniambia nirudie kwa tarakimu. Nimerudia. Sasa anasema fomu haipokelewi bila sahihi yako, na ofisi inafungwa saa tisa na nusu, na kesho ndiyo siku ya mwisho lakini kesho yeye ana ruhusa. Fomu inaweza kuvuka mstari, mimi siwezi. Dada wa kufunga vifuniko amekubali kukuletea. Ndiye yule wa pini, nimemwomba radhi, ameniambia nimshonee gauni.

Tia sahihi hapo chini, nilipoweka alama ya msalaba. Kisha ilete mwenyewe. Usimpe mtu mwingine airudishe.

Mumeo, mlangoni